Punje Tatu za Mwalimu

Nilichanganya mavi ya mbuzi na kahawa ya wageni. Naanza na hilo, maana mengine yote yalitoka hapo.

Kwetu Kamachumu mgeni hukaribishwa kwa akamwani, yaani buni zilizochemshwa na majani ya kunukia zikakaushwa. Huzitafuna polepole huku anaongea. Zikiwa kikapuni, kwa macho huwezi kuzitofautisha na mavi makavu ya mbuzi. Nililijua hilo tangu utotoni, nikawa nangoja tu mtu anayestahili.

Jumamosi moja akaja mwalimu wangu wa tangu darasa la kwanza hadi la nne. Ndiye aliyetufundisha kumwimbia Mfalme wa ng'ambo ambaye hajawahi kuonja ndizi zetu. Mfuko wa koti lake ulikuwa mweupe kwa chaki, na masikio yake mapana, jua likiyapenya yanawaka mekundu. Wiki hiyo nilikuwa nimeyachora ubaoni. Nilipomwona akitokea kwenye ukungu wa migomba, taratibu kama mtu anayetembea usingizini, nikajua amekuja kunishtaki. Nikakimbilia zizini, nikarudi na gao la mavi, nikayatia kikapuni.

Hakunishtaki. Aliketi juu ya nyasi mpya zilizotandikwa sakafuni, nyumba nzima ikinukia nyasi na moshi.

"Mama, waitu, nimekuja kumwomba huyu," alisema kwa neno letu la heshima. "Nafasi ya shule ya kati ipo moja. Nataka iwe yake."

"Huyu? Huyu ni mzaha mtupu," mama akajibu. "Baba yake yuko Uganda. Mwache na migomba."

"Hata mzaha unataka akili, mama."

Mama akavuta kikapu. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba mwenye nyumba hutafuna kwanza, ili mgeni aone hakuna sumu. Mkono wake ulishuka polepole, kama jani la mgomba siku isiyo na upepo. Akigundua, basi, shule imekwisha, nitazeekea kibanjani, chini ya migomba.

Mwalimu akanitazama. Uso huu alikuwa ameusoma miaka minne. Akakipokea kikapu kabla vidole vya mama havijafika.

"Leo nianze mimi," akasema, akatia punje tatu mdomoni.

Alitafuna akiangalia paa. Alitafuna muda mrefu, mpaka nikahisi ukungu umeingia ndani. Akameza.

"Kahawa ya mwaka huu ina nguvu," akasema. "Kwa hiyo mama, tumekubaliana?"

Mama alikitazama kikapu, kisha mimi, kisha kikapu.

"Mchukue."

Nasikia nusu ya watoto wa kijiji aliwafuata hivyo, nyumba kwa nyumba, kila Jumamosi. Wengine walimgharimu maneno tu. Sasa niko bwenini upande wa Bukoba, na ukungu wa ziwa ukipanda asubuhi naona masikio mawili mekundu yakija, na ninaacha utani. Kwa dakika chache.

Siku ile, mwalimu alipokwisha kumezwa na migomba, mama alikimwaga kikapu nje, akarudi, akaketi.

"Mbuzi wangu nawajua," akasema. "Mwalimu amekula mavi kwa ajili yako. Sasa kasome."