Mwanya wa Chausiku

Batuli binti Uledi alikuwa somo wa maharusi katika mtaa wa Waswahili wa Rumonge. Yeye ndiye aliyesaga mti wa liwa, aliyewasinga mabinti mpaka ngozi ikang'aa, aliyewasuka, na mwisho aliyewaambia wanawake wa upande wa bwana harusi kile alichokiona. Akisema binti ana kovu, basi ana kovu. Akisema hana, hakuna aliyekwenda kuchungulia. Hakuwa na mume wala shamba la michikichi. Alikuwa na neno lake, nalo lilimlisha.

Alikuwa pia na mdogo wake, Chausiku, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, na huyo ndiye aliyekuwa na jina. Tangu alipoimba kwenye sherehe za uhuru, akiongoza chama cha ngoma cha akina mama, alijulikana kutoka Magara hadi Nyanza-Lac. Sauti yake ilikuwa nzuri, lakini watu walizungumza zaidi juu ya mwanya wake, ule upenyo mwembamba kati ya meno mawili ya mbele, ulioonekana kila alipofungua kinywa. Mpiga picha mmoja wa Bujumbura, Roger, alitundika foto yake kwenye kioo cha duka. Wasichana wa Rumonge wakaanza kulala na vijiti vimebanwa katikati ya meno, wapate kufanana naye.

Ndipo maneno yakaanza, kwamba mwanya ule umechongwa. Chama pinzani cha ngoma kilitunga wimbo wenye kiitikio kifupi: Mungu hana tupa. Sokoni, penye mafungu ya dagaa waitwao ndagala, kila mtu alikuwa na lake.

"Ule mwanya iko wa kuzaliwa. Mimi nilimuona akiwa mutoto."

"Uliona meno ama uliona kamasi?"

"Na ule weupe wa ngozi, nao alizaliwa nao?"

"Weupe ni sabuni ya Kongo, hata kipofu anajua. Sisi tunaongea meno."

Batuli alichagua samaki wake, akafunga kikapu, akaondoka.

Ukweli ni kwamba Chausiku alizaliwa na mwanya. Lakini meno ya pembeni yalipoota yaliyasukuma yale ya mbele, na mwanya ukajifunga kidogo kidogo. Wakati huo alikuwa msichana wa kuimba kwenye harusi, na watu walikuwa wameshazoea kumwita Mwanya. Alilia, akakataa kutoka nje. Batuli akampeleka Magara kwa fundi wa vyuma aliyetoka Uvira, akamshika kichwa mapajani wakati fundi anapitisha tupa. Baadaye fundi alirudi kwao ng'ambo ya ziwa, na siri ikabaki kwa dada hao wawili.

Kisha Abdulhamid, mwana wa Hadji Kassimu muuza nguo, akaleta posa. Chausiku alimpenda, na alimpenda kweli, kiasi cha kuunguza chakula jikoni akimfikiria. Mama wa kijana, Bi Kadidja, hakuwa na neno baya juu ya binti. Ila katika nyumba yake mwanya wa kuzaliwa ulihesabiwa kuwa baraka, na wa kuchongwa ulikuwa uongo unaotembea. Akaomba uzi.

Hiyo ilikuwa desturi ya zamani. Siku ya singo, binti anaposingwa, somo hupitisha uzi wa wavu wenye fundo katikati ya meno ya bibi harusi, kutoka chini mpaka kwenye ufizi. Mwanya wa kuzaliwa ni mpana mpaka juu, na fundo hupita. Tupa hula ncha bila kufika kwenye mzizi, na fundo hukwama. Likikwama, wageni hubeba vikapu vyao, na posa imevunjika.

"Tukatae," Batuli alimwambia mdogo wake.

"Kukataa si ndiyo kujibu, dada?"

Siku ya singo ua ulijaa. Chausiku aliketi juu ya mkeka, amepakwa liwa mabegani na usoni. Bi Kadidja aliketi karibu kabisa, magoti yake yakigusa mkeka, lakini macho yake yalikuwa na utando na hakuona uzi. Alisubiri neno. Mlangoni walisimama wanawake wa chama pinzani ambao hakuna aliyewaalika.

"Fungua kinywa," Batuli alisema.

Uzi ukapanda. Fundo likapanda nao, kisha likagoma. Batuli alivuta taratibu. Likagoma tena. Kidole gumba chake kilikuwa kimelifunika. Hakuna aliyejua ila aliyelishika na aliyekuwa nalo kinywani.

"Basi, somo?" Bi Kadidja aliuliza. "Uzi umefika?"

Batuli alimtazama mdogo wake. Machozi yalikuwa yakichora mistari kwenye liwa.

"Umefika."

Vigelegele vikapaa. Chausiku akautoa uzi kinywani, akainua mkono.

"Subirini."

"Chausiku, tulia," Batuli alinong'ona.

"Dada amenihurumia. Uzi umekwama."

Bi Kadidja akainamisha kichwa kama asiyesikia vizuri. "Rudia, mwanangu."

"Nilizaliwa nao, mama. Nilipokua ukajifunga. Nikauchonga."

"Kwa hiyo ni wa Mungu ama ni wa tupa?"

"Hata mimi sijui."

"Na sabuni je?" sauti ikapazwa kutoka mlangoni, na watu wakacheka.

"Na sabuni," Chausiku alisema. "Kuna lingine?"

Bi Kadidja alinyoosha mkono, akauchukua uzi, akalipapasa fundo kwa muda mrefu.

"Uongo ulikuwa umeshamwozesha," alisema hatimaye, "naye ameukataa. Huyu nitakaa naye. Harusi iko palepale." Kisha akageuza uso upande wa Batuli. "Lakini wewe. Wake za wanangu wawili uliwatolea neno wewe."

"Wale nilisema kweli, Bi Kadidja. Wallahi."

"Labda."

Somo mwingine aliitwa kutoka Nyanza-Lac kumaliza singo. Chausiku aliolewa, akaendelea kuimba, na sokoni waliendelea kubishana, sasa juu ya nyusi zake. Kwa Batuli hakuna aliyebisha hodi tena. Mabinti walisingwa nyumba ya tatu kutoka kwake, na harufu ya liwa ilimfikia uani. Mwishowe alihamia Magara, akakausha ndagala kwa ajili ya wachuuzi.

Chausiku alimfuata huko.

"Dada, rudi mjini. Nitasema na mama mkwe."

"Ulishasema," Batuli alijibu, akiendelea kuwageuza samaki juani. "Ingia ndani, jua litakuharibu uso."