Sura ya Tano Niliyoiruka

Vitabu vilikuwa viwili, na mzee mmoja mwenye duka mjini Muyinga aliniambia nichague kimoja, zawadi. Anauza vitenge na tochi. Mteja asipokuwepo, anacheza sataranji peke yake, akizunguka meza. Vitabu vyote vilifundisha kuanza mchezo kwa pembeni: unamwachia mpinzani katikati ya ubao, unatoa farasi, unamweka askofu kwenye mshazari mrefu, halafu unasubiri mpinzani ajitanue.

Kimoja kilikuwa chembamba, cha Kifaransa, chenye mpango mmoja tu unaopangwa vilevile karibu kila mara. Cha pili kinene, cha Kiingereza, mipango chungu nzima.

"Chukua chembamba, kijana wangu," mzee alisema. "Si mnasoma wawili?"

Kweli tulikuwa wawili. Mwenzangu ni dada mmoja wa kijiji cha Buraza, mkulima wa maharage. Kifaransa anakisoma kama maji, Kiingereza hakijui. Mimi nimekulia Tanzania, nikarudi kwetu Gitega na Kiingereza cha kuokoteza. Nikachukua kinene. Njia nzima hadi Gitega nilijiona bingwa: nasoma, ananisikiliza. Nilipofika nikamwambia dada kwamba kile cha Kifaransa hakikuwa na maana.

"Sawa, Mtanzania," akacheka. "Mi niko na masikio."

Kila Jumapili baada ya misa, pale mtaani Mushasha, Gitega, nilimtafsiria. Sura ya tano ilieleza ufanye nini mpinzani akijaza askari katikati. Maneno yalinishinda, nikaona aibu kusema.

"Hapa hakuna jipya," nikamwambia. "Unaendelea kupanga tu."

Alikuwa anatafuta nafasi ya mwisho kwenye timu ya Gitega, na mechi na Muyinga ndiyo ilikuwa ya kumpima. Mpinzani akasukuma askari wa katikati: mmoja, wa pili, wa tatu. Dada akaendelea kupanga, mkono umetulia kabisa. Ananiamini.

"Dada, askofu wako wamemfungia kanisani!" yule wa Muyinga akamtania. Watu wakaangua kicheko. Chai haijapoa, mchezo umekwisha.

Kapteni wa Gitega akamuuliza nani alimfundisha kungoja vile.

"Jibu iko kwenye kitabu," akajibu. "Mi ndo nilisahau."

Nafasi akapewa mwingine. Nilikuwa nimesimama palepale, na sikufungua mdomo.

Wiki ileile nilirudisha kinene Muyinga. Mzee akanipa chembamba bila kuuliza kitu. Nikakipeleka Buraza, nikamkuta shambani. Akakifungua kwa mikono yenye udongo.

"Iko hapa," akasema. "Usingoje. Piga askari wake mapema, toka pembeni." Akaniangalia. "We si ulisema hakina maana?"

"Nilidanganya. Na ile sura sikuisoma."

Akakaa kwenye tuta, akaendelea kusoma kwa macho tu.

Nikaokota jembe lake, nikamalizia kupalilia mstari wa maharage. Mche mmoja nikaukata kwa bahati mbaya. Nikaufukia haraka. Halafu nikaufukua, nikaenda kumwonyesha.