Jina Lililomnyamazisha Mdogo Wangu

Ajuza ninayemtunza hapa ughaibuni, Riverdale Park, anaitwa Bi. Tyler. Juzi aliniambia kwamba ukoo wao huko Uingereza ulikuwa wa mafundi wa kuezeka nyumba kwa vigae, na ndiyo maana ya jina lao. Nilicheka mpaka nikaweka sahani chini.

Kwetu Kitale, Tyler alikuwa setla wa Kizungu aliyeichoma nyumba ya nyanya yangu ili apande mahindi. Jina lake silifichi. Alipokufa hatukumlilia.

Alasiri moja, jikoni kukinuka moshi na maziwa, mdogo wangu mchanga alikataa kunyamaza. Nyanya akawa anataja marehemu wetu mmoja mmoja, kwa kuwa kwa desturi yetu jina la marehemu linalomnyamazisha mtoto ndilo huwa lake. Wapi! Mjomba Wekesa, mlevi yule, akapayuka, "Jaribuni Tyler!"

Mtoto akanyamaza.

"Wekesa, umetuletea adui nyumbani!" mama akalia.

"Mwacheni," nyanya akasema, akimpangusa mtoto kamasi. "Alinichomea nyumba, sasa atanijengea."

Leo najua nyanya alikuwa anamtuliza mama tu. Siku ile nilikaa kando ya mtoto nikimhimiza akue upesi, maana mvua zilikuwa karibu na paa la jiko letu lilikuwa linavuja.