Mlango Uliombeba Mama

Mvua ikinyesha kijijini kwetu Vudee, mlango wetu ulinukia. Ulikuwa wa mbao ya mkulo, mti wa msitu wa milimani kwetu, na harufu yake ilikuwa kali, ya kuzibua pua, ikichanganyika na moshi wa kuni na maharage yanayochemka. Miaka ile ilikuwa ya dhiki: sabuni kwa foleni, sukari tuliisikia tu kwa watu. Bawaba nazo ziliadimika madukani, kwa hiyo baba alikata tairi kuukuu akapigilia vipande vyake kwa misumari. Mlango ukawa unafunguka kwa kuburuzwa, nasi tukamcheka baba wee, hadi naye akacheka.

Asubuhi moja ya masika mama, mjamzito wa miezi minane, alianza kutoka damu. Barabara ilikatwa na maporomoko, na lori pekee la kijiji halikuwa na dizeli. Baba alichukua panga, akakata zile bawaba za mpira, akaulaza mlango uwanjani na kuutandika blanketi. Mama akalazwa juu yake. Majirani wanane wakapokezana, wanne wanne, wakateremka naye kwa miguu, baba akiwa nao, kuelekea hospitali ya Same. Nilikuwa na miaka tisa. Nililia, “Mama, usife!” Bibi akanifinya. “Nyamaza, unamtisha.”

Siku tano nyumba ilikaa wazi. Kwetu haikuwezekana nyumba ya hivyo ikaachiwa bibi na mtoto peke yao, basi kina mama wa jirani walikaa kizingitini kwa zamu, huyu akichambua maharage, yule akifuma sweta. Na haki ya Mungu, hakuna aliyeingia bila kubisha. Walisimama mbele ya uwazi ule mtupu, “Hodi!” wakangoja kuitikiwa. Nilipomcheka Mama Namsifu, mmoja wao, alinikata jicho. “Mlango haupo, wenyewe wapo.”

Siku ya sita nilimwona baba akipanda kilima peke yake, mlango kichwani. Nikapiga yowe. Baba akautua haraka. “We mtoto, unamlilia nani? Mama yako mzima! Amejifungua salama, wamemwambia apumzike kwanza. Mlango nimeuwahisha, mvua isituingilie.” Kwa hasira nilimpiga ngumi za kifua, huku nacheka.

Baadaye maduka yalijaa kila kitu. Mtoto yule wa safari ile alikua, akafanya biashara, akatujengea nyumba Same mjini, yenye geti la chuma na vipande vya chupa juu ya ukuta. Simlaumu, wezi wapo. Lakini naitamani Vudee ile. Mama sasa ni mzee, na mchana kutwa hukaa barazani akiliangalia geti. Juzi alinishika mkono.

“Nikizidiwa, utamwita nani?”

“Nitapiga simu, mama. Gari litakuja.”

“Sikuulizi gari. Hawa wa nyumba ya kulia wanaitwaje?”

Tumepakana nao miaka kumi na miwili. Sikujua.