Gorila wa Jirani

Kila jioni pale Igoma, jirani wa Ng'washi hulaza fimbo mapajani, huisugua kwa kidole gumba na kusimulia alivyoona gorila Rwanda. "Dume likikujia usikimbie, mama. Chuchumaa, tazama chini, guna taratibu." Ng'washi, anayeshawishiwa ajiunge na safari ijayo ya huko, haamini hata neno. Jirani picha hana, eti simu iliibwa. Gorila wenyewe jana walikuwa saba, leo kumi na wawili.

Jumamosi dume la ng'ombe lilikata kamba, likaja mbio uani. Jirani yule, Msukuma aliyekua akichunga ng'ombe tangu utotoni, akadondosha fimbo, akachuchumaa, akatazama chini, akaguna. Ng'washi akamburuta kwa kola hadi nyuma ya geti. Bado alikuwa anaguna. Ng'washi akamuuliza pasipoti inaombwa wapi.