Dawa ya Kuvuta, Dawa ya Kupaka

Mimi ni mtu wa Ujiji. Ndivyo nilivyomjibu kila aliyeniuliza kwetu ni wapi, tena nilijibu haraka, kabla hajamaliza swali. Sikusema kwamba mama yangu alikimbia Burundi akiwa na mimba yangu, wala kwamba nyumbani tulizungumza Kirundi madirisha yakiwa yamefungwa. Nikiwa darasa la pili nilijikwaa kwenye kizingiti cha darasa, nikalia, "Mawe!" Kwetu hiyo ni kusema "mama yangu!" Kwa watoto wa Ujiji yalikuwa mawe tu, ya kurushiana. Wakaniita Mawe hadi darasa la saba. Basi nikajifunza Kiswahili cha kukata na shoka, hata wenyewe wakakoma, na Kirundi nikakizika. Mama aliniambia, "Mkataa kwao mtumwa." Nami nikamjibu kwa Kiswahili.

Wakimbizi walipoanza tena kuvuka kuja kwetu, nilikuwa nesi katika zahanati moja karibu na Kibirizi. Tulikuwa tumeletewa kishikwambi chenye masomo ya pumu ya mtandaoni. Mgonjwa anakaa, anaangalia video ya daktari mmoja anayeongea kama redio, kisha anajibu maswali. Akimaliza, linatokea jani la kijani na neno "Hongera". Nilisifiwa kwa kuwa wagonjwa wangu walikuwa wakimaliza upesi. Sifa hizo nilizipenda, sitadanganya.

Ndipo akaja yule mama. Alikuwa rika la mama yangu, amevuka na mdogo wake na watoto, na kazi yake ilikuwa kuanika na kuanua dagaa pale mchangani kando ya ziwa. Vumbi na moshi vilikuwa vimemkaba kifua hadi akawa anaongea nusu sentensi, anapumzika, ndipo anamalizia. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Nilimwamkia shikamoo, nikamkalisha, nikawasha somo.

Mtandao siku hiyo ulikuwa wa kuudhi. Picha iliganda daktari akiwa ameishika ile pampu ya dawa mkononi, kabla hajaipeleka mdomoni. Sauti tu ndiyo iliendelea: "Hii ni dawa ya kuvuta. Vuta taratibu." Nikakitikisa kishikwambi, kikaniponyoka, nikakidaka kwa goti. Neno likanitoka kwa mshtuko, wala sikulijali. Mama yule akaniangalia sana.

"Umeelewa, mama?" nikamuuliza.

"Ego," akasema. Ndiyo.

Nilijua hajaelewa. Nataka hilo lieleweke, maana ndilo linaloniumiza. Yeyote aliyelelewa na Mrundi anaijua ile "ego" ya heshima, inayotolewa ili mwenye kufundisha asione haya. Ningeweza kumweleza kwa lugha yake kwa dakika mbili. Lakini daktari wetu, mtu wa Tanga, alikuwa meza ya pili, na foleni ilikuwa mlangoni inasikiliza. Nikamjibia maswali mimi mwenyewe: ndiyo, ndiyo, ndiyo. Jani la kijani likatokea. Nikampa pampu yake akaenda.

Baada ya wiki mbili mdogo wake alimleta akiwa amemshika kwapani. Midomo ilikuwa imegeuka rangi, shingo inaingia ndani kila anapotafuta hewa. Mdogo wake akaitupa ile pampu mezani, tupu.

"Dawa yenu gani hii? Nampaka asubuhi, nampaka jioni, kifua kinakuwa baridi tu! Hata kunata hainati!"

Daktari akabaki mdomo wazi, kisha akacheka. "Amepaka? Jamani, pampu imepakwa kifuani!" Watu wa foleni wakaangua kicheko. Na mimi, loh, na mimi nikacheka pamoja nao.

Pale ndani ni mimi tu niliyejua walichokosea. Kwetu amavuta ni mafuta, ya kupikia na ya kujipaka. Mtu ameambiwa dawa ya kuvuta, picha imeganda, angefanya nini? Alipaka. Alitii somo langu barabara.

Daktari akakimbilia chumba cha pili kutafuta sindano. Nikachukua chupa ya maji tuliyoitoboa kitako ili dawa isipotee hewani, nikachomeka pampu mpya kwenye tundu, nikamwekea mdomo wa chupa kinywani. "Vuta, mama! Vuta!" Mkono wake ukapanda kifuani ukaanza kusugua. "Vuta!" Akasugua kwa nguvu zaidi, macho yamemtoka, akinitii. Nikaona anakufa huku anafanya ninachomwambia.

Nikainama hadi sikioni pake. "Hema, mawe," nikamnong'oneza. "Hema buhoro." Pumua, mama yangu. Pumua polepole.

Mkono ukashuka. Akavuta. Mara ya pili, ya tatu, ya sita. Daktari aliporudi na sindano, kifua kilikuwa kimeanza kulegea.

"Umemwambia nini?" akauliza.

"Nimemwombea tu," nikasema.

Jioni foleni ilikuwa imekwisha, daktari ameenda kula. Yule mama alikuwa ameketi kitandani, anaongea sentensi nzima kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Aliongea Kirundi, kwa sauti ya chini, kama mtu anayezungumza karibu na mtoto aliyelala.

"Siku ile kile kioo kilipokuponyoka, uliita mawe. Nikajua huyu ni mwana wetu, ila anajificha. Nikasema nikimuuliza mbele ya watu nitamwaibisha. Ndiyo maana nikasema ego."

Kumbe wiki mbili zile alikuwa akinisitiri, na aliyelipa kwa pumzi ni yeye, si mimi. Niliona aibu ambayo sijapata kuiona hata siku niliyoitwa Mawe.

Akaniomba nimfundishe tena, tangu mwanzo, kwa lugha yetu. Nikakubali. Nikashika pampu, nikavuta kiti. Kisha nikainuka kwanza, nikaenda kufunga mlango, naye akanisubiri nifunge.