Nchi Isiyo na Ndugu wa Nurbanu

Katika ukoo wa Nurbanu, kila aliyejifungua, kila aliyevunjika nyonga na kila aliyehamia nyumba mpya alisikia maneno yale yale kutoka kwa wakubwa: "Usihangaike, Nurbanu yupo." Na kweli alikuwapo. Hakuolewa, hakuwa na mtoto, na alikuwa na mikono miwili mizima. Kwa hesabu za ukoo huo, mtu wa namna hiyo hana kazi. Alimuuguza bibi yao Iringa mpaka bibi akapona na kuanza kumgombeza. Alifua nepi Lusaka, alisimamia wapaka rangi Nairobi. Alipofikisha miaka arobaini na saba alikuwa amelala katika vyumba vya wageni vya miji mingi, na hakuna hata mji mmoja aliouchagua mwenyewe.

Kitu kilichokuwa chake ni darasa. Kila jioni, kaka yake Firoz alipoanza kufunga duka lao la vifaa vya ujenzi pale Mwanjelwa, Mbeya, Nurbanu alipanda stoo ya juu kuwafundisha watu wazima Kiingereza. Wanafunzi walikalia ndoo za rangi, na kila mtu alikuwa na ndoo yake. Sekela, muuza mchele mwenye sauti ya kumwita mteja aliye ng'ambo ya barabara, hakukubali kukalia ndoo isiyo ya kijani. Mchele wake ulitoka Madibira na wanunuzi wake walitoka Zambia, naye alitaka kubishana nao bei kwa mdomo wake, si kwa mdomo wa dalali.

Mambo yaliharibika pale Crispin alipofungua darasa lake Iyunga. Kijana mtanashati, ametoka Bangkok na cheti cha kufundishia Kiingereza. Alikitia fremu akakitundika mlangoni kwa nje, mahali ambapo mvua ingekifikia kabla ya mwanafunzi. Ndoo za Nurbanu zikaanza kubaki tupu.

"Wanasema wewe unajua zaidi, Mwalimu," Sekela alimweleza. "Ila yule ana cheti cha nje. Watu wa hapa ukiwawekea mchele kwenye gunia lisilo na maandishi, wanadhani ni chenga. Hata waonje vipi."

"Kwa hiyo nitafute gunia lenye maandishi?"

"Utafute upesi. Mwezi ujao utakuwa unanifundisha mimi peke yangu, na mimi sipendi kuulizwa maswali yote."

Usiku huo Nurbanu akaamua. Naye atakwenda nje, kwa safari yake mwenyewe, arudi na cheti. Kosa lake lilikuwa moja tu: alimwambia dada yake.

Dada yake, Gulbanu, aliuza mablanketi karibu na soko kuu la Iringa, ila hiyo ilikuwa kazi ya mikono. Kazi ya kichwa ilikuwa kujua nani wa ukoo yuko wapi duniani na anapungukiwa nini. Simu yake haikupoa. Na ukoo ulikuwa na sheria moja isiyovunjwa: palipo na ndugu, hulali kwingine. Mtu akilala hotelini katika mji wenye binamu, basi watu watasema wamekosana, na maneno hayo yatafika Iringa kabla shuka hazijakunjwa.

"Leicester," Gulbanu alisema kabla mdogo wake hajamaliza kueleza. "Kwa binamu Yasmin. Malazi bure."

"Anaishi na nani?"

"Na mama yake tu. Mzee ana magoti mabovu na nyumba ina ngazi. Utamsaidia kidogo kupanda na kushuka."

"Na darasani nitakwenda saa ngapi?"

"Akishalala."

Nurbanu akauliza kuhusu Toronto. Huko malazi yalikuwa bure pia, na mapacha walikuwa njiani. Akauliza kuhusu Karachi. Huko kulikuwa na mgane mmoja, mfanyabiashara wa vigae, ambaye alisemekana kupenda sana Kiingereza.

"Huyo naye ana magoti mabovu?"

"Hapana. Nimetumiwa picha. Magoti yake mazuri kabisa."

Nurbanu akaelewa kwamba swali lake halikuwa wapi kuna chuo kizuri. Vyuo vilijaa tele kwenye simu. Swali lilikuwa wapi hakuna ndugu. Akaanza kuipima dunia kidogo kidogo, nchi moja kwa simu moja, akijifanya anapiga kusalimia tu.

"Dada, hivi Prague kukoje?"

"Baridi. Yupo mtoto wa Kassam, anauza mazulia. Mke wake hajui kupika."

"Na Hanoi?"

"Yule wa korosho. Juzi tu alisema anatafuta mtu wa kuaminika wa kukaa na watoto."

Akazidi kwenda mbali, na kusema kweli akaanza kufurahia. Aliitaja Isilandi, kile kisiwa cha barafu kule kaskazini. Kwa mara ya kwanza Gulbanu akasema ataulizia. Nurbanu alilala akiota theluji. Siku chache baadaye simu ikalia, na sauti ya dada yake ilikuwa ya mtu aliyeshinda kesi.

"Daktari wa meno," alisema. "Binamu wa aliyekuwa mume wa Yasmin. Ana mbwa mkubwa, hana wa kumtembeza."

Firoz naye hakumsaidia. "Sasa shida iko wapi?" aliuliza huku akipanga misumari. "Dunia nzima inakutaka. Mimi nikisafiri hakuna anayenitaka."

"Nenda wewe Isilandi, Kaka. Mbwa anasubiri."

Wiki hiyo darasani walikuwa wanajifunza kusema ndugu zao wanaishi wapi. Somo hilo Nurbanu alilifundisha bila furaha. Wanafunzi waliobaki walitaja Tukuyu, Tunduma, Makambako. Zamu ya Sekela ilipofika, alisimama juu ya miguu yake yote miwili kama aliyeapishwa, akasema kwa Kiingereza kwamba shangazi yake anaishi Mzuzu, Malawi, ana nyumba kubwa na hana mtu wa kuongea naye.

Chaki ya Nurbanu ikasimama ubaoni.

"Huyo shangazi yako," alisema kwa Kiswahili, "ana magoti?"

"Kila mtu ana magoti, Mwalimu."

"Mabovu, nauliza."

"Anapanda mlima kwenda shamba na kurudi na kuni kichwani. Mwalimu, una nini wewe na magoti ya watu?"

Nurbanu alikuwa anajiuliza imekuwaje asifikirie Malawi siku zote hizo. Wazazi wa Mbeya wamekuwa wakiwapeleka watoto wao huko kutafuta Kiingereza tangu yeye akiwa msichana. Alipotafuta, akakuta chuo kimoja kidogo mjini Mzuzu kinatoa cheti cha kufundisha Kiingereza kwa muhula mmoja. Ilibaki kupima. Akapiga Iringa, moyo ukimdunda.

"Dada, Mzuzu tuna nani?"

"Mzuzu?" Gulbanu alivuta pumzi. Zilisikika bangili zake zikigongana, ishara kwamba anahesabu kwa vidole. "Zamani Wahindi wenzetu walikuwa mpaka vijijini huko, wana maduka. Halafu serikali yao ikawaamuru wote wahamie miji mikubwa. Sasa wako Lilongwe na Blantyre. Mzuzu hakuna mtu. Kwa nini unauliza?"

"Nilikuwa naangalia ramani tu."

Hakusema tena mpaka alipokwisha kukubaliwa chuoni. Firoz alipopata habari aliacha kupanga misumari.

"Malawi? Mtu anaaga kwenda nje, halafu anarudi na samaki wa ziwani?"

"Pasipoti itagongwa muhuri mpakani, Kaka. Mpaka ni mpaka."

"Crispin alipanda ndege."

"Mimi nitapanda basi. Tutaona nani anafundisha vizuri akishashuka."

Gulbanu yeye aliuliza jambo moja tu: atalala wapi. Alipoambiwa kwa shangazi yake Sekela, akasema, "Sekela wa mchele?" kisha akakata simu, maana hilo halikuwa na jibu katika sheria za ukoo.

Shangazi Marta alikuwa mwanamke mrefu, mwenye maneno ya Kinyakyusa, Kiswahili na Kiingereza katika sentensi moja, na Nurbanu, mtoto wa Mwanjelwa, aliyafuata yote bila shida. Asubuhi ya kwanza aliamka mapema, akachukua ufagio, akaanza uwanja. Marta akatoka na kumnyang'anya.

"Umekuja kusoma au kufagia?"

"Nimezoea tu, Shangazi."

"Zoea kukaa. Mimi nilimwomba Sekela anipe mtu wa kuongea naye. Sikuomba mtumishi."

Nurbanu akakaa. Siku za mwanzo mikono ilimwasha, hajui aiweke wapi. Kisha akaanza kuiwekea vitabu. Jioni alimsimulia Marta habari za Yasmin na ngazi, za mgane wa vigae na za mbwa wa Isilandi, na Marta alicheka mpaka jirani akauliza kuna nini.

Lakini Gulbanu hakuwa mtu wa kuacha nchi ikae wazi. Siku moja mteja aliyekuja kununua blanketi alitaja Mzuzu, naye akajisikia akisema, "Mzuzu? Tuna mtu pale. Nurbanu yupo." Baada ya hapo hakuna cha kumzuia. Haikupita muda, mwanawe Moiz akabisha hodi kwa Marta, begi moja begani na jingine la nguo chafu mkononi.

"Masi," alisema, kama wanavyomwita kwao dada wa mama, "naangalia biashara ya simu huku. Labda nikae mwezi. Mama kasema malazi ni bure."

Nurbanu alilitazama lile begi la nguo chafu. Mtihani wa vitendo ulikuwa wiki inayofuata.

"Bure kabisa," alisema. "Karibu. Kuna huyu Shangazi tu hapa, anahitaji msaada kidogo. Ana magoti."

Marta, ambaye alikuwa amesimama mlangoni na mzigo wa kuni kichwani, aliushusha taratibu. Akashika kizingiti. Akatafuta kiti kwa mkono kama mtu wa miaka tisini.

"Aa, mwanangu," alimwambia Moiz. "Ndaga, asante sana. Mungu amekuleta. Maji yako kule bondeni."

Moiz alichota maji. Alipasua kuni, alipalilia mahindi, na alimshika Marta mkono kupanda na kushuka mlima ambao bibi huyo aliupanda mbio kila kijana alipogeuka. Nguo zake alifua mwenyewe. Nurbanu alikwenda chuoni asubuhi na kurudi jioni, akamuulizia biashara ya simu kwa upole. Kabla wiki haijaisha Moiz alikumbuka kwamba soko zuri la simu liko Lilongwe, kwa ndugu.

Gulbanu alipiga usiku ule ule. "Mtoto ana malengelenge mikononi. Huyo mama hali yake mbaya kiasi hicho?"

"Mbaya, Dada. Ukipata mwingine wa kuja, utakuwa umetusaidia."

"Mzuzu simpeleki mtu tena."

Nurbanu alifaulu. Alirudi na cheti, samaki wakavu kwa ajili ya Firoz, na gauni ambalo Marta alimlazimisha kuvaa safarini. Sekela alikitundika cheti mwenyewe, ndani, juu ya ngazi, mvua isifike, kisha akashuka sokoni kukitangaza kwa sauti ile ya mchele. Si ndoo zote zilizopata watu. Wenye ya bluu na ya rangi ya maziwa walibaki Iyunga, kwa Crispin. Lakini mwezi ulipoisha Firoz alianza kulalamika kwamba hana ndoo za kuuza.

Jioni moja darasa likiwa linasubiri juu, simu ikalia.

"Mapacha wa Toronto wameanza kutambaa," Gulbanu alisema, "na mwingine yuko njiani. Nimewaambia, Nurbanu yupo."

"Nipo, Dada," alisema Nurbanu akiwa chini ya ngazi. "Ila goti."

"Goti gani?"

"Sijui. Nadhani nimeambukizwa Mzuzu."

Akaiweka simu mfukoni, akakunja gauni la Marta kidogo, akapanda ngazi za stoo mbili mbili.